Mtego wa shilingi: jinsi Mweusi alivyoshinda kwa hatua saba

Wahenga walinena kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Msomaji mpenzi, methali hiyo umeisikia mara nyingi, pengine ukiwa shuleni ukiandika insha, na huenda umeichoka. Leo nataka uione ikitembea. Itatembea juu ya ubao wa sataranji, mchezo ambao vijana wengi huuita chesi, nayo itapiga hatua saba tu kabla ya kumwangusha mtu.

Mchezo wenyewe ni wa wachezaji wa kawaida wa kilabu, wala si wa mabingwa wa dunia. Umechezwa mara nyingi mno, hatua kwa hatua bila kubadilika, mashuleni, vyuoni na siku hizi hata katika simu za mkononi. Kila mara anayeumia hudhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kuumizwa hivyo.

Ili tuufuate vizuri, tuwaketishe ubaoni watu wawili wa kubuni. Mmoja ni wa Kitui na mwenzake ni wa Makueni. Tuseme yule wa Kitui ameshuka kwa barabara ya lami ipitayo Mutomo na Ikutha, akavuka Mto Athi na kumkuta mwenzake Kibwezi, chini ya mwembe. Majina siwapi, maana nikiwapa, nitaulizwa na nusu ya Ukambani kwa nini nimeanika jamaa yao gazetini.

Rangi za kete zimegawanywa kwa heshima. Sheria ya sataranji ni kwamba mwenye kete nyeupe ndiye huanza. Kitui ilikuwa wilaya tangu enzi za mkoloni, ilhali Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Basi mkubwa akapewa nyeupe aanze, na mdogo akachukua nyeusi. Watu wa Kitui, msininunie mapema. Someni hadi mwisho.

UBAO NA MAJESHI

Kwa wale ambao hawajawahi kuugusa mchezo huu, ubao wake ni kama ule wa drafti wenye miraba 64, nane kwa nane. Safu zinazokwenda juu hupewa herufi a hadi h, kuanzia mkono wa kushoto wa Mweupe. Mistari inayokata ubao hupewa nambari 1 hadi 8, kuanzia upande wake huyo huyo. Kwa hiyo ukiambiwa e4, tafuta safu ya e, kisha uhesabu hadi mstari wa nne. Kama unao ubao nyumbani, uchukue sasa. Kama huna, chora kwenye karatasi.

Kila upande una kete 16. Kuna mfalme mmoja, ambaye hutembea mraba mmoja tu. Kuna malkia mmoja, aendaye popote kwa mstari ulionyooka au kwa mshazari. Ngome mbili hukaa pembeni nazo hunyooka tu. Maaskofu wawili huenda mshazari. Farasi wawili huruka miraba miwili upande mmoja kisha mmoja pembeni, na wanaweza kuruka juu ya wenzao. Mbele ya hao wote wamesimama askari wanane wa miguu. Askari husonga mbele mraba mmoja, au miwili ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, lakini hula kwa mshazari. Lengo si kumaliza kete za mwenzako. Lengo ni kumfunga mfalme wake hata asiwe na pa kukimbilia, hali ambayo wachezaji huiita chekimeti.

Jina la mchezo limesafiri kutoka mbali. Ulianza India, ukapita Uajemi, na Waarabu wakauita shatranji, nasi Waswahili tukapata sataranji. Neno shaha, ambalo kwetu hutumiwa kumsifu bingwa wa watunzi wa mashairi, ndilo lile lile la Kiajemi lenye maana ya mfalme.

Sasa zingatia jambo moja, kwa kuwa ndilo kiini cha makala haya. Katika drafti, ukiachiwa kete ya kula, sheria hukulazimisha uile. Mzee yeyote achezaye kwa vizibo vya soda sokoni atakwambia hivyo, na ndiyo sababu bingwa wa drafti hukutupia kete moja ili akule tatu. Huwezi kukataa. Katika sataranji hakuna anayekulazimisha. Unaweza kuachiwa askari wa bure, ukamtazama, ukamshukuru Mungu, ukampita. Mchezo wa drafti hukufundisha kuhesabu. Sataranji hukuongezea haki moja zaidi, haki ya kukataa.

HATUA SABA

Hatua ya kwanza. Mweupe anamsukuma askari aliye mbele ya mfalme hadi e4. Mweusi anamjibu vivyo hivyo, e5. Majeshi yametazamana katikati ya uwanja.

Hatua ya pili. Mweupe anamtoa farasi wake wa g1 na kumweka f3, ambapo anamtishia yule askari wa e5. Mweusi anamtoa farasi wa b8 hadi c6 ili amlinde askari wake. Mpaka hapa hata mwalimu mkali angewapa wote wawili alama ya vyema.

Hatua ya tatu. Mweupe anamtoa askofu hadi c4. Ni hatua nzuri, kwa kuwa askofu huyo anaukodolea macho mraba wa f7, ambao unalindwa na mfalme wa Mweusi peke yake. Sasa ni zamu ya Mweusi. Badala ya kutoa kete mpya, anamrukisha farasi yule yule kutoka c6 hadi d4, katikati ya ubao. Askari wa e5 ameachwa yatima. Hana mlinzi.

Msomaji, simama hapa. Utazame ubao kana kwamba wewe ndiwe wa Kitui. Farasi wako wa f3 anaweza kumla yule askari wa e5 sasa hivi, na akishamla atasimama mahali pazuri akisaidiana na askofu kuutishia mraba wa f7. Mwenzako anaonekana kama mtu aliyesahau mlango wazi akaenda sokoni. Ungefanya nini?

Hatua ya nne. Mweupe anakula e5. Mweusi, bila haraka, anamtoa malkia wake kutoka d8 hadi g5. Kutoka hapo malkia anatazama pande mbili. Kwenye mstari wa tano anamtishia farasi wa e5. Kwenye safu ya g anamtishia askari wa g2, aliye jirani na ngome ya Mweupe.

Hatua ya tano. Mweupe anaona neema juu ya neema. Farasi wake anaruka na kumla askari wa f7. Pale f7 ameshika panga lenye makali pande mbili, kwa kuwa anamtishia malkia aliye g5 na pia ngome iliyo h8. Mweupe amekula askari wawili, naye hajaliwa hata mmoja. Kama kungekuwa na watazamaji, wangekuwa wameanza kumpongeza. Lakini malkia wa Mweusi hakimbii. Anashuka na kumla askari wa g2, na sasa ngome ya h1 iko mdomoni mwake.

Hatua ya sita. Mweupe anaiokoa ngome yake kwa kuisogeza f1. Malkia wa Mweusi anapanda kwa mshazari na kumla askari wa e4. Cheki! Mfalme ametishwa, kwa kuwa kati ya malkia na mfalme, kwenye safu yote ya e, hakuna kete hata moja.

Hatua ya saba. Mweupe anamrudisha askofu wake kutoka c4 hadi e2 ili amkinge mfalme. Ni hatua ambayo mkono huicheza kabla ya akili. Ndipo farasi wa Mweusi, yule aliyesimama d4 tangu hatua ya tatu kama mtu asiye na kazi, anaruka hadi f3.

Mchezo umekwisha. Farasi wa f3 anamtishia mfalme aliye e1, na mfalme hana pa kwenda. Kulia kwake imesimama ngome yake mwenyewe. Kushoto yuko malkia wake. Mbele yake wamejipanga askofu na askari wake wawili. Askofu angeweza kumla farasi huyo, lakini akiondoka e2 atamwacha mfalme wazi mbele ya malkia mweusi, na sheria hairuhusu. Askari wa g2 ambaye angemla farasi alishaliwa hatua mbili nyuma. Mfalme amesongwa na watu wa nyumbani mwake.

Hebu tuhesabu. Mweupe amekula askari wawili, wa e5 na wa f7. Mweusi amekula askari wawili, wa g2 na wa e4. Kwa hesabu ya dukani hakuna anayemdai mwenzake. Lakini mmoja amekula vya kushibisha, na mwingine amekula vya kufungua njia.

JINA LIMETOKA WAPI

Wachezaji wa sataranji wameupa mchezo huu jina la Mwingereza Joseph Henry Blackburne, aliyeishi kati ya 1841 na 1924. Alikuwa bingwa wa kuogopwa, hata akapewa lakabu ya Kifo Cheusi, na alisifika kwa kucheza na watu kadhaa kwa pamoja bila kuutazama ubao. Husimuliwa kwamba alikuwa akiutega mtego huu katika mikahawa ili kuwavua wateja waliojidai shilingi moja moja. Ndiyo sababu hadi leo unaitwa mtego wa shilingi wa Blackburne.

Jina hilo linatufaa sisi kuliko Waingereza wenyewe. Wao waliachana na hesabu za shilingi mwaka 1971. Sisi tungali nazo mfukoni, na mitego ya kuzichukua haijapungua. Abiria wa Ukambani ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipandia magari Nairobi wanaujua mchezo wa karata tatu uitwao pata potea. Mtu huachwa ashinde mara moja, mara ya pili huachwa ashinde zaidi, na mara ya tatu huenda nyumbani kwa miguu.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa, nami nataka wanafunzi waishike. Katika pata potea kuna mkono unaoficha kitu. Katika sataranji hakuna kilichofichwa. Malkia wa Mweusi, farasi wake, safu ya e iliyo wazi, vyote vilikuwa mezani mchana kweupe, na yule wa Kitui alikuwa na macho mawili mazima. Hakudanganywa na mtu. Alichokiona ni askari wa bure, na alipokwisha kumwona huyo hakutazama kingine.

Ndivyo ilivyo hata nje ya ubao. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huambiwa kuna kazi nzuri ng'ambo, mshahara mnono, na kinachotakiwa ni ada ndogo tu ya kujiandikisha. Mama wa nyumbani huletewa ujumbe kwamba amejishindia pesa katika bahati nasibu ambayo hakuicheza. Ukiwauliza baadaye, watakwambia kwamba dalili zote zilikuwepo. Kilichokosekana ni swali moja dogo, ambalo mchezaji mzuri hujiuliza kila anapoachiwa kitu: kwa nini ameniachia?

ANGEFANYA NINI

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa Kitui, kwa kuwa sikumleta hapa ili achekwe. Katika hatua ya nne alikuwa na njia kadhaa za salama, na zote zilikuwa bora kuliko kula e5.

Njia rahisi ni kumla yule farasi wa d4 kwa farasi wake. Mweusi atamla naye kwa askari wa e5, na wawili hao watakuwa wamebadilishana farasi kwa farasi. Kisha Mweupe amfiche mfalme wake pembeni, nyuma ya ngome, hatua ambayo sheria inairuhusu mara moja katika mchezo mzima. Ukitazama ubao baada ya hapo utaona kwamba Mweupe ametoa askofu wake na kumweka mfalme mahali salama, ilhali Mweusi hana kete hata moja iliyotoka isipokuwa askari mmoja aliyetangulia mbele. Mweusi alipoteza wakati wake kwa kumchezesha farasi mmoja mara mbili.

Hata baada ya kula e5 na kumwona malkia akitokea g5, mambo hayakuwa yameharibika kabisa. Mweupe angeweza kula f7 kwa askofu badala ya farasi. Hiyo ingekuwa cheki, mfalme wa Mweusi angelazimika kutoka kwake, na Mweupe angepata nafasi ya kumficha mfalme wake. Farasi wa e5 angeliwa, lakini Mweupe angekuwa na askari wawili mkononi na mfalme wa adui akitangatanga katikati ya uwanja. Kosa la kwanza lilikuwa tamaa. Kosa la pili lilikuwa tamaa iliyotiwa moyo na ile ya kwanza, na hilo ndilo lililoua.

Hapo nawe wa Makueni unayechekelea, sikia. Mtego huu ni dhaifu. Hufanya kazi dhidi ya mtu asiyeuliza. Ukimtegea anayeuliza, umeanza mchezo ukiwa nyuma, na ukimtegea mtu yule yule mara ya pili, wewe ndiwe utakayeaibika. Mwanafunzi ajengaye mchezo wake juu ya mitego ni kama yule akariruye majibu ya mtihani wa mwaka uliopita. Siku swali likibadilishwa neno moja, hujikuta hana kitu. Jifunze mtego ili usinaswe nao, lakini usiufanye kuwa chakula chako.

MCHANGA WA MITO

Kwa nini nikawachagua watu wa Kitui na Makueni kwa mchezo huu? Kwa sababu hakuna watu nchini wanaoifahamu hadithi ya yule askari wa e5 kuliko wao.

Mito mingi ya huko, kama Tiva na Nzeeu upande wa Kitui, au Kaiti na Thwake upande wa Makueni, hutiririka wakati wa mvua, kisha hukauka juu na kubaki mchanga mtupu. Mgeni akipita hudhani mto umekufa. Mwenyeji anajua kwamba maji yamelala chini ya mchanga, yamefichwa jua lisiyanyonye. Akina mama huchimba visima vifupi kwenye mchanga huo na kuteka. Ndipo yakaja mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazojengwa kukata mto ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji. Kitui na Makueni zimejenga mamia ya kuta za namna hiyo, hata wageni kutoka nchi nyingine huja kujifunza.

Sasa mchanga huo huo ndio unaotakiwa mijini kwa ujenzi. Umelala mtoni, hauna mlinzi, hakuna aliyeupanda wala kuupalilia. Ni askari wa bure. Malori yakaja, vijana wakapata vibarua, pesa zikaingia mfukoni jioni ile ile. Baada ya muda mto ukabaki mwamba, na ng'ombe wakapelekwa mbali zaidi kunywa maji. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na ikaunda mamlaka ya kuisimamia. Watu walikuwa wamejiuliza swali letu: je, kitu hiki cha bure kilikuwa kinalinda nini?

Hilo ndilo swali la pili ambalo kila mchezaji hana budi kulijua. La kwanza ni kwa nini ameniachia. La pili ni hiki nikiondokacho kilikuwa kinalinda nini. Farasi wa Mweupe alipokuwa f3 alikuwa akiulinda mraba wa g5, ambao malkia mweusi aliutumia kuingilia. Ulikuwa pia ndio mraba ule ule wa f3 ambao farasi mweusi alikuja kuumalizia mchezo. Mweupe aliuondoa ukuta wake mwenyewe ili akachukue askari mmoja.

MWEUSI SI MNYONGE

Wanaoanza kucheza hulalamika wanapopewa kete nyeusi. Malalamiko yao yana ukweli kidogo. Katika rekodi za michezo mingi ya mashindano, Mweupe hupata takriban pointi 52 hadi 56 katika kila 100, kwa kuwa huanza. Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo. Haimshindii mtu mchezo, humpa nafasi tu ya kuuliza swali la kwanza.

Wale wanafunzi wanaodhani kwamba umri na rangi ya kete vimewafungia mlango nawakumbusha mwaka 1956. Mjini New York mvulana wa miaka 13 aitwaye Bobby Fischer alicheza na Donald Byrne, mmoja wa wachezaji hodari wa Marekani wakati huo. Fischer alikuwa na kete nyeusi. Katikati ya mchezo alimwacha malkia wake aliwe, akashinda. Waandishi wa sataranji waliuita mchezo wa karne. Fischer alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1972.

Wala huna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa jirani, katika mtaa wa mabanda wa Katwe mjini Kampala, Robert Katende alianzisha mafunzo ya sataranji kwa watoto maskini mnamo 2004. Wengi walivutwa na uji waliopewa. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliukuta mchezo hajui hata unaitwaje, na mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi. Kisa chake kiliandikwa kitabu, na mwaka 2016 kikatolewa filamu ambayo Lupita Nyong'o wetu aliigiza kama mama yake. Alifuata uji, akabaki kwa ajili ya ubao.

UBAO WA NYUMBANI

Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu huwapeleka watoto ushago wakati wa likizo, na siku ya tatu watoto hao huanza kulia kwamba hakuna la kufanya. Nawashauri mtengeneze sataranji yenu. Chukua katoni, chora miraba 64, uipake rangi mmoja ndiyo mmoja siyo. Kusanya vizibo 32 vya soda, 16 vya rangi moja na 16 vya nyingine. Bandika karatasi ndogo juu yake na uandike M kwa mfalme, L kwa malkia, N kwa ngome, A kwa askofu na F kwa farasi. Vilivyobaki bila herufi ndio askari. Gharama yake ni gundi na subira. Ubao huo huo babu atautumia kwa drafti jioni, na mjukuu hatakosa la kujifunza kwake.

Tena Ukambani ni nchi ya wachongaji. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi na ufundi aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mikono ya Wakamba imechonga vinyago vilivyofika duniani kote. Miongoni mwa vitu wanavyouziwa watalii ni kete za sataranji, weusi wakiwa wa mpingo. Ingekuwa jambo la kusikitisha ikiwa mtoto wa mchongaji atamjua mfalme wa mpingo kama bidhaa tu, asijue anavyofungwa wala anavyookolewa.

Ukisha kutengeneza ubao wako, cheza mchezo wa leo polepole na mtoto wako. Ufikapo hatua ya tatu, mwache ashike kete nyeupe na usimwambie kitu. Akila e5, mwonyeshe yaliyobaki. Akikutazama usoni na kukuuliza, "Kwa nini umeniachia?" basi mpe soda, kwa kuwa amekwisha kujifunza jambo ambalo watu wazima wengi hulinunua kwa bei ghali.

Nakuachia fumbo la wiki. Chekimeti ya haraka kuliko zote katika sataranji huja katika hatua ya pili tu, na mshindi huwa ni Mweusi, kamwe si Mweupe. Mweupe huangushwa na askari wake wawili wa safu za f na g, anaowasukuma bila kufikiri, na malkia mweusi humaliza kazi kwa hatua moja. Uupange ubao, utafute hatua hizo na familia yako. Jibu nitalitoa Jumapili ijayo, na safari hiyo yule wa Kitui atakuwa na kete nyeusi. Nimekwisha kumwahidi.

Mpaka hapo, cheza vyema, na usile kila unachoachiwa.